Daftari langu la maombi lina safu ya shukrani, na safu yote ni tupu

JaladaLaKijani aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita nilikuwa nafunga vitu kwa ajili ya kuhama, nikakuta chini ya sanduku daftari langu la zamani lenye jalada la kijani. Nililianza mwaka 2018, wakati mimi sina kazi na ya mume wangu imekatika. Kila alfajiri niliandika ombi, na tarehe pembeni. Niliacha kufunga vitu, nikakaa sakafuni nikalisoma lote.

Maombi ni 41. Kodi ya mwezi wa tatu. Viatu vya shule vya mwanangu mkubwa. Mimba isitoke. Nauli ya kwenda kwenye usaili. "Bwana, nipe kazi yoyote, hata ya miezi miwili." Katika hayo 41, nikiyatazama leo, 33 yalijibiwa. Mengine yalijibiwa kwa namna ambayo siwezi kuiita bahati. Nauli ile, kwa mfano, ililetwa asubuhi ya usaili wenyewe na jirani aliyekuja kurudisha deni ambalo mimi nilishalisamehe moyoni.

Kilichonichoma ni hiki. Kila ukurasa niliugawa kwa mstari, kushoto "Ombi", kulia "Shukrani". Upande wa kulia hauna hata neno moja. Halafu daftari lenyewe linaishia wiki moja kabla sijaanza kazi. Baada ya hapo ni karatasi nyeupe mpaka jalada la nyuma. Yaani nilipopata nilichokuwa nakililia, ndipo nilipoacha kuandika.

Siku hizi naomba nikiwa nusu nimelala. Mshahara ukiingia, kitu cha kwanza ninachowaza ni madeni, wala sikumbuki kwamba kuna alfajiri niliomba hata kibarua. Tangu nilione daftari nimepiga magoti mara tatu nishukuru, na maneno yanatoka makavu kama ninasoma tangazo. Naogopa huu usiwe unafiki.

Na kuna jambo la pili, gumu zaidi. Katika yale manane ambayo hayakujibiwa, moja nililiandika kurasa tano mfululizo: dada yangu apone. Hakupona. Nikifika kwenye kurasa hizo nalifunga daftari. Naomba anayejua anisaidie: nitaijazaje safu ya shukrani na kurasa zile zimo humo humo?

Shemasi_K alijibu:

Asifiwe milele, dada. Usijihukumu kupita kiasi. Zaburi 103:2, Daudi anasema, "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Anaikumbusha nafsi yake mwenyewe, kwa hiyo hata yake ilikuwa na tabia ya kusahau.

Mimi kila usiku namtajia Mungu mambo matatu ya siku hiyo, yawe ya siku hiyo kweli. Zamani nilikuwa nasema "asante kwa uzima" kila siku mpaka ikawa kama salamu ya mlangoni. Nilipoanza kutaja jambo lenyewe na saa lilipotokea, sala yangu ilibadilika.

Kuhusu dada yako, pole sana. 1 Wathesalonike 5:18 inasema "shukuruni kwa kila jambo", basi mshukuru Mungu hata kwa hilo. Ana makusudi yake.

MzeeWaDarasa alijibu:

Binti yangu, uliposema daftari linaishia wiki moja kabla ya kazi, nimeinuka kwenda kufungua Yoshua 5:12. Waisraeli walipokula mazao ya nchi ya Kanaani, mana, kile chakula Mungu alichowashushia jangwani, ilikoma. Miaka 40 waliila, kisha ikakoma, na hawakuiona tena. Mungu hakuwa amechoka kuwalisha. Sasa walikuwa na mashamba, akawa anawalisha kwa njia ya mashamba.

Na hatari yenyewe ilianzia hapo. Jangwani huwezi kuisahau mana, maana ya leo unaiokota leo, na ya jana uliyoificha imeshaingia mabuu. Shambani unalima wewe, jasho ni lako, ghala umejenga wewe. Musa aliliona hilo kabla hawajavuka mto. Soma Kumbukumbu la Torati 8 polepole: ukiisha kula na kushiba, ukajenga nyumba nzuri, ng'ombe na kondoo wakaongezeka, moyo utasema ni nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu. Hakuwaonya kuhusu njaa, njaa walishaijua. Aliwaonya kuhusu shibe. Mshahara wako, binti, ni mazao ya Kanaani. Anayekulisha hajabadilika, ila sasa mkono wake umefunikwa na wako ndiyo maana huuoni.

Sasa rudi Kutoka 16, kuna jambo ambalo darasani kwangu huwa tunalipita mbio. Mana iliyobakizwa mpaka asubuhi iliharibika na kunuka. Lakini Mungu huyo huyo aliagiza pishi moja iwekwe ndani ya kopo, itunzwe kwa ajili ya vizazi vyao, ili waone walichokula jangwani. Waliyoificha kwa kuogopa kesho haikufika kesho. Iliyowekwa ili wakumbuke, ilitunzwa. Halafu utazame mawe 12 yaliyotolewa katikati ya Yordani yakasimamishwa Gilgali ili watoto waje waulize. Utazame jiwe la Samweli, Ebenezeri, "Hata sasa Bwana ametusaidia." Kote huko sioni mahali mtu ameambiwa kwanza ajisikie namna fulani. Waliambiwa beba, weka, simulia. Mungu anajua tunavyosahau, akatupa vitu vya kushika kwa mikono. Wewe kopo lako unalo, lilikuwa chini ya sanduku tu.

Kuhusu ukavu: mtu wa Kumbukumbu la Torati 26 akileta malimbuko, yaani mazao yake ya kwanza, alipewa hadi maneno ya kusema mbele za Bwana, kuanzia baba yake alipokuwa Mwarami karibu na kupotea. Ameandikiwa yote, na hakuna aliyemwita mnafiki. Mnafiki husema asichokiamini ili watu wamwone. Wewe uko chumbani umepiga magoti peke yako, unamwonyesha nani? Endelea na hayo makavu.

La dada yako sitaligusa. Yupo humu atakayelijibu kuliko mimi.

JaladaLaKijani alijibu:

Shikamoo, mzee wangu. Nimelia kidogo hapo kwenye mkono uliofunikwa.

Jana usiku nililiacha daftari mezani makusudi. Mwanangu mkubwa akalifungua, akasoma, akaja kuniuliza, "Mama, hivi viatu ni vipi?" Hakujua. Ni kijana sasa, ananizidi urefu, na hakuwahi kujua kwamba viatu alivyovaa kwenda shule niliviombea kwa kufunga siku mbili. Sikumwambia kwa sababu nilitaka asijue tulivyobanwa. Kumbe nilimficha dhiki, nikamficha na aliyetutoa humo. Tulikaa mpaka usiku mwingi namsimulia ukurasa kwa ukurasa.

Shemasi, kaka yangu, nisamehe. Hilo la kumshukuru Mungu kwa kifo cha dada siwezi kulitamka. Nimejaribu tena leo asubuhi. Mdomo unakataa.

MjaneMwimbaji alijibu:

Usilitamke, mpendwa. Nami niliambiwa hivyo makaburini, udongo ukiwa bado mbichi, na mwaka mzima nilishindwa kuimba.

Nitakupa kilichonisaidia mimi. Katika 1 Wakorintho 11 Paulo anasema Bwana Yesu, "usiku ule aliotolewa", yaani aliosalitiwa, alitwaa mkate akashukuru. Maneno hayo nimeyasikia kila Meza ya Bwana tangu utotoni na sikuwahi kuyatilia maanani mpaka nilipofiwa. Alishukuru usiku ule. Kisha usiku huo huo akaenda Gethsemane akaomba, "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke." Mathayo anasema aliomba hivyo mara tatu. Wewe uliandika kurasa tano, yeye alirudia mara tatu, na kikombe hakikumwepuka.

Kwa hiyo shukrani na ombi ambalo halikupewa vililala ndani ya usiku mmoja, ndani ya moyo mmoja usio na dhambi. Alishukuru akiwa na mkate mkononi. Kule bustanini, Maandiko yanasema alihuzunika kiasi cha kufa. Hakulazimisha jambo moja ligeuke kuwa lingine. Na katika 1 Wathesalonike 5:18, kwa Kiyunani, neno linalotangulia "kila jambo" ni "katika". Katika kila jambo shukuruni. Nilipofundishwa hilo nilipumua.

Nilianza na kitu kidogo. Mume wangu alikuwa akiimba besi, na sauti yake ninayo kichwani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti hiyo. Ugonjwa sikuushukuru, na mpaka leo sijaushukuru.

Shemasi_K alijibu:

Nimesoma, nimekaa kimya siku nzima. Dada mwimbaji, Waefeso 5:20 ipo pia, nayo inasema tumshukuru Mungu sikuzote kwa mambo yote. Siwezi kuifuta. Lakini haikuwa yangu kuitupa kwa mtu anayelia, tena kwa mstari mmoja, bila hata kuuliza dada yake alikuwa mtu wa namna gani. JaladaLaKijani, nisamehe. Ukipenda, tusimulie habari zake.

MjaneMwimbaji alijibu:

Nami sijaifuta, shemasi. Huwa ninaifungua mbele za Mungu, namwambia bado sijafika.

JaladaLaKijani alijibu:

Shemasi, nimekusamehe kabisa, na asante kwa kuuliza. Alikuwa ananizidi miaka sita. Alinifundisha kusoma kabla sijaenda shule, kwa Zaburi, kwa sababu ndicho kitabu chenye maandishi makubwa tulichokuwa nacho. Alikuwa akinifuatishia kidole chini ya mstari. Miezi minne ya mwisho alilala chumbani kwangu, na kidole kikawa changu, namsomea yeye.

Nimelijaza daftari. Safu ya kulia sasa ina maandishi katika yale 33. Kalamu ni ya rangi nyingine, ili atakayelikuta ajue shukrani zilichelewa. Nilipofika kwenye kurasa zake tano sikulifunga. Ombi sikulikata wala sikuandika kuwa limejibiwa kwa njia nyingine, maana mimi niliomba apone. Kulia nimeandika: "Miezi minne. Zaburi. Asante." Kurasa nyingine nne nimeziacha wazi kwa sasa. Kwenye karatasi nyeupe ya kwanza, pale nilipokuwa nimeishia, nimeandika tarehe ya leo.

Kisha nimempigia simu yule jirani. Tulishapotezana, namba nimeitafuta kwa watu watatu. Nikamwambia nampigia kumshukuru kwa asubuhi ile, nikamsomea na tarehe. Hakuikumbuka. Nikamweleza habari za usaili, na kwamba alipobisha hodi nilikuwa nimeshavua viatu vya safari nikakaa kitandani.

Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo siku ile hukuwa na nauli kabisa?"

Hakuwa anajua.