Msaada wa haraka: zege la msingi nimwage 1:3:6 au 1:2:4?

Kiwanja Tayari: Habari zenu wakuu. Mafundi wanaingia Jumamosi na usingizi sipati. Nyumba ni ya chini, vyumba vitatu. Mtaro wa msingi umeshachimbwa: upana sm 60, mkanda wa zege utakuwa na unene wa sm 20, urefu wote kama mita 40. Fundi anasema 1:3:6 inatosha. Shemeji anasema nisithubutu kushuka chini ya 1:2:4. Nani yuko sahihi? Naomba mnijibu hilo tu, mengine nimeshayapanga. Naomba kuwasilisha.

Beleshi: Shemeji yako. 1:3:6 ni zege la kutandika chini, la kusawazisha kabla ya kupanga nondo. Mkanda wenye nondo unataka saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Na mpime kwa boksi au ndoo, msihesabu mabeleshi. Beleshi la asubuhi si beleshi la saa nane mchana, mkono umeshachoka.

Nondo Kwanza: Mnabishana uwiano, mchawi ni maji. Mfuko wa kilo 50 unataka kama lita 25, na mchanga ukiwa umelowa unapunguza hapo. Jirani yangu alipima 1:2:4 vizuri kabisa, vijana wakaongeza maji ili zege litiririke lenyewe. Halafu wiki ya kwanza hakumwagilia, eti kuna mawingu. Pembe zikawa zinamomonyoka kwa nyundo. Zege linakomaa kwa unyevu, siku 7 ni za chini kabisa, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mimi na huyo jirani hatusalimiani, ila kisa ni ukuta wa mpaka, nitaufungulia uzi wake.

Mpima Udongo: Zege lako ni mita za ujazo 4.8. Kwa 1:2:4 ni takribani mifuko 30, kwa 1:3:6 ni takribani 21. Kinachobishaniwa ni mifuko tisa. Umetupa vipimo vyote vya mtaro, ila umechimbwa kwenye udongo gani?

Mama Msimamizi: Mifuko tisa! Watu wako tayari kununua vigae vya kung'aa, lakini saruji itakayofukiwa wanaibania. Hiyo ndiyo inayowabeba watoto wako, baba.

Kiwanja Tayari: Mama, sibanii, nafuata ushauri wa fundi mzoefu. Udongo ni wa kawaida tu.

Mpima Udongo: Hakuna udongo unaoitwa wa kawaida. Mkichimba mnatoa nini?

Kiwanja Tayari: Sawa. Upande wa jikoni ni kifusi. Zamani palikuwa na shimo la kuchimbia udongo wa matofali, aliyeniuzia akalijaza. Lakini ni miaka mingi, malori yamepita juu yake, na fundi amepashindilia kwa miguu hapakutitia. Saruji nimenunua, nondo zimekatwa, siwezi kurudi nyuma. Upande ule nikiweka 1:1.5:3, si itafidia?

Mpima Udongo: Haifidii, mkuu. Zege gumu juu ya kifusi kinachoendelea kushuka linabaki gumu hadi linapopasuka. Hatari yako ni nyumba kukalia ardhi za aina mbili: sebule inatulia, jiko linazama, na ufa unatokea pale zinapokutana, tena wa mshazari kutoka kwenye pembe ya dirisha. Lori kupita hakuthibitishi kitu. Lori linapita na kwenda zake, nyumba inakaa hapo hapo mwaka mzima, na mvua inalainisha chini. Takataka zikiwa humo nazo zinaoza, zinaacha matundu.

Beleshi: Na kama kifusi kina jasi ya dari, chumvi zake ziitwazo salfeti hula zege la saruji ya kawaida.

Shaka Sina: Hii ni chai. Mara mengine ameyapanga, mara udongo wa kawaida, sasa shimo la matofali. Mtaro uchimbwe kwenye kifusi kisichoshindiliwa na kuta zisimame wima zikimsubiri fundi wa Jumamosi? Mnamshauri mtunzi.

Nondo Kwanza: Na mimi nilishangaa. Shimo unalijua tangu unanunua, halafu unauliza kokoto?

Kiwanja Tayari: Sijatunga chochote. Kuta ziliporomoka upande huo, tumeegemeza mbao. Nilijua nikitaja shimo mtaniambia nihame kiwanja.

Mama Msimamizi: Hata kama ametunga, wenye mashimo ya kweli wanasoma. Endeleeni.

Mpima Udongo: Hakuna aliyesema uhame. Jumamosi mafundi waje, ila wachimbe shimo la kupimia hapo jikoni hadi udongo wa asili: rangi moja, hauna vipande vya matofali wala plastiki. Asiingie mtu humo bila kuta kuegemezwa. Udongo huo ukiwa karibu, shusheni mtaro wa upande huo kwa vidato, hatua kwa hatua, mjaze 1:3:6 hadi usawa wa mkanda. Hapo zege la fundi lina kazi. Kisha mkanda wote 1:2:4, nondo ziwe na zege la sm 5 chini yake.

Kiwanja Tayari: Na ukiwa mbali? Nimwage upande wa sebule, jikoni pasubiri?

Mpima Udongo: Usimwage popote. Mhandisi akiona shimo ni la kina, anaweza kutaka jamvi zima la zege lenye nondo, na mkanda wako utakuwa wa kuvunja.

Kiwanja Tayari: Fundi atanuna, ila nitamwambia wachimbe. Saruji je? Imelala sakafuni.

Beleshi: Ipandishe kwenye mbao leo, iache nafasi na ukuta, ifunike. Usiikalishe zaidi ya miezi mitatu. Mfuko ukifanya mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usiuingize kwenye msingi.