Wachezaji wa Scrabble wanaotoroka mechi: tuwabane vipi?

Kigae7: Wadau, ligi yetu ya mtandaoni ya Scrabble (ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi) hapa Nairobi ina shida. Mtu akipigwa neno linalomaliza vigae vyote 7 vya mpinzani, lile la pointi 50 za ziada, anafunga programu. Mpinzani anabaki kuitazama saa. Tuwafungie akaunti?

FundiSeva: Hapana, msianzie huko. Tenganisheni kwanza mtoro na aliyeishiwa na bando au kupotelewa na stima. Aliyebonyeza "jiuzulu" amejiuzulu. Aliyekatika mpeni dakika 3 arudi, saa yake ikiendelea kukimbia. Na ubao na vigae vihifadhiwe kwenye seva, si kwenye simu. La sivyo akirudi anakuta ubao mtupu mnaanza kugombana.

Mama Msamiati: Jedwali la msimamo wa ligi yenu linatumia tofauti ya pointi? Basi tatizo ni hapo. Anayetoroka akiwa nyuma kwa 90 anajiepusha na kupigwa kwa 150, kwa hivyo kutoroka kunamlipa! Mwandikieni ameshindwa kwa 90 jumlisha 100 za adhabu. Halafu punguzeni saa. Dakika 25 kwa kila mchezaji ni za mashindano ya mezani; kwa simu 10 zinatosha.

FundiSeva: Kweli kabisa. Pia onyesheni kando ya jina asilimia ya mechi alizomaliza, lakini kwa 20 za mwisho tu, ili mtu aweze kujisafisha.

Kigae7: Na anayekatika kila mara?

Mama Msamiati: Mara 2 kwa mechi, avumiliwe. Ya 3 ahesabiwe mtoro, stima au si stima.