Kikundi cha Familia: Nyumba ya Bibi, Mtaa wa Mkomani, Lamu

Salim: Asalaam aleikum jamaa. Nimepata fundi hapa South C, Nairobi, yuko tayari kwenda Lamu. Atabandua lipu yote ya nyumba ya bibi apige saruji. Tuanze kuchanga?

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam. Saruji? La, mwanangu, usithubutu! Kuta zile ni za matumbawe. Chokaa huuacha ukuta upumue, unyevu utoke. Saruji inaufungia ndani, chumvi inafura, jiwe linageuka unga. Nyumba ya jirani yetu niliiona ikiisha hivyo, lipu ikidondoka kama ganda.

Salim: Lakini shangazi chokaa si itachukua muda?

Shangazi Zuhura: Itachukua. Kwani ile nyumba ina haraka gani?

Mwanaisha: Mimi nauliza, mbona vyumba vya bibi ni virefu na vyembamba kama ushoroba? Kitanda kikiingia, mtu apite upande.

Mjomba Athman: Boriti, mama. Dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na mkoko hauna urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana. Mti ndio uliopima nyumba. Ndiyo maana mtaa mzima wa Mkomani vyumba vimefanana.

Mjomba Athman: Na Salim, pale si pa kujiamulia. Mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa kuwa watu wameishi humo bila kukatika zaidi ya miaka 700. Pita kwanza kwa watu wa makumbusho pale ngomeni, wakukubalie ndipo uguse ukuta.

Mwanaisha: Ngome ile iliyokuwa jela?

Mjomba Athman: Ndiyo hiyo. Ilimalizwa 1821, na jela ilikuwemo mpaka 1984. Utoto wetu tulikuwa tukipita pale mbio mbio. Sasa wajukuu wanaingia kusoma vitabu, na mimi nikiwaona hushukuru Mungu.

Salim: Nimeelewa, mjomba. Fundi wa South C nitamwomba radhi. Ijumaa napanda basi, nivuke kutoka Mokowe.

Shangazi Zuhura: Ukifika, anza na wikio, kile chumba kilicho juu ya njia; boriti zake mbili zimeoza, na watoto wa madrasa hupita chini yake asubuhi na jioni. Zidaka za ukumbini, yale mashubaka ya ukutani, usizisogelee kabisa mpaka nije.

Mwanaisha: Nimetuma elfu tano kwa mjomba. Ya boriti.