Fielder inakula tairi upande wa ndani: naweza kufanya alainimenti mwenyewe hapa nyumbani?

DerevaKasarani
Wadau, nina Toyota Fielder ya 2010, tairi 195/65R15. Tairi za mbele zinaisha upande wa ndani, ya kushoto zaidi, na usukani haukai sawa. Nimebadilisha tairodi endi ya kushoto juzi (kiungo cha mwisho cha tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu). Nina uzi, tepu na spana. Naweza kunyoosha magurudumu mwenyewe kwenye maegesho ya ploti, au najidanganya?

SpanaKumiNaTisa
Unaweza, ndugu, lakini kitu kimoja tu: kunyoosha magurudumu yasifunguke (kuelekea nje) wala kujifunga (kuelekea ndani) kupita kiasi upande wa mbele. Kemba (gurudumu kulalia ndani au nje kwa juu) na kasta (mlalo wa mhimili linalogeukia) waachie wenye mashine.

Kabla ya uzi, inua gurudumu uweke stendi, kisha lishike saa tatu na saa tisa ulitikise. Likicheza, ni tairodi. Shika saa kumi na mbili na saa sita: likicheza, angalia boli jointi (kiungo cha gurudumu na mkono wa chini) na beringi. Bushi (mipira) za mkono wa chini nazo zikague kwa nondo. Kupima gari lenye kitu kilicholegea ni kazi bure, kwa sababu kipimo kitabadilika ukigonga shimo la kwanza. Jaza upepo kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema.

Sasa uzi. Tafuta mabomba mawili marefu kuliko upana wa gari. Chora alama mbili kwenye kila bomba, umbali ule ule kwa yote mawili. Weka bomba moja mbele ya gari na jingine nyuma, juu ya stendi, kimo cha katikati ya gurudumu. Funga uzi wa mwashi kwenye alama, mmoja kila upande. Sogeza mabomba mpaka umbali wa uzi na kitovu cha gurudumu la mbele ulingane kushoto na kulia. Fanya vivyo hivyo nyuma. Mbele na nyuma si lazima zilingane, maana upana wa magurudumu hutofautiana. Wengi hukosea hapo.

Funga usukani ukiwa katikati. Kwa rula ya chuma, pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, upande wa mbele na wa nyuma wa gurudumu.

GrisiNyeusi
Nyongeza: rimu zetu zimegongwa na mashimo, nyingi zimepinda. Pima, sukuma gari mbele nusu mzunguko wa gurudumu, weka uzi sawa tena, pima mara ya pili, chukua wastani. Na ukishusha gari kutoka kwenye jeki, lisukume mita chache kabla ya kupima. Likishuka, tairi hubaki zimekaa kwa mkazo, na kipimo kitadanganya.

DerevaKasarani
Asanteni. Wastani kwa milimita: kushoto mbele 57, nyuma 61. Kulia 59 na 60. Hakuna kinachocheza.

SpanaKumiNaTisa
Ukingo wa mbele uko karibu na uzi kuliko wa nyuma, kwa hiyo magurudumu yamefunguka mbele. Ndiyo maana yanalika ndani. Lenga milimita 0 hadi 1 ya kujifunga kila upande.

Fielder yako raki (boksi la usukani linalosukuma tairodi) iko nyuma ya ekseli, basi kurefusha tairodi hufunga magurudumu mbele. Legeza nati ya kufungia, legeza na klipu ya mpira wa raki, la sivyo mpira utajisokota na kupasuka. Zungusha fimbo ya ndani, si endi. Robo mzunguko hubadilisha milimita 1 na kidogo. Kushoto anza na robo tatu, kulia robo moja. Chini ya kila tairi la mbele weka vipande viwili vya bati vyenye grisi kati yake, gurudumu lizunguke bila kung'ang'ania sakafu.

FundiWaKirinyagaRd
Kaza nati ukiwa umeshika endi kwa spana ya pili, isigeuke. Piga mstari wa rangi kutoka nati hadi fimbo. Baada ya kilomita 50 utaona kama imelegea. Ukijaribu barabarani, kumbuka nyingi zimeinuliwa katikati maji yatiririke, na sisi tunaendesha kushoto: kuvuta kushoto kidogo ni kawaida. Ikivuta sana ilhali vipimo viko sawa, badilishana tairi za mbele. Mvuto ukihama upande, kosa ni la tairi.

Kama baada ya hapo upande wa ndani bado unaisha, na ukipapasa tairi ni laini, haina meno (kingo kali upande mmoja), hiyo ni kemba. Uzi hautakusaidia, peleka kwenye mashine.