Kibubu cha jero (sarafu ya mia tano) na mia mbili: gumzo la wazazi, Darasa la 4

Mwl. wa Darasa: Habari za jioni wazazi. Kibubu cha kuwanunulia kofia na losheni ya jua wanafunzi wetu wenye ualbino kinaanza Jumatatu. Dumu la maji la lita 5 ninalo.

Baba Neema: Safi mwalimu. Toboa juu karibu na bega, urefu sentimita 3, upana nusu sentimita. Jero ndiyo pana kuliko zote tunazotumia, ikipita hiyo nyingine hazikwami. Tumia kisu kilichopashwa moto. Wembe unaacha makali, yatachana vidole vya watoto.

Mama Zai: Na lisijae jamani! Dumu zima la sarafu linavuka kilo 20, mpini unang'oka.

Mhazini: Basi kila Ijumaa tunafungua. Kifuniko kizungushiwe selotepu juu ya karatasi yenye saini mbili, ikichanika tunajua. Kuhesabu tuwe watatu, mmoja anaandika tu.

Mama Zai: Mhazini, fungeni mifuko ya elfu kumi kumi: jero 20, au mia mbili 50, au mia 100. Msichanganye aina. Pangeni vichuguu vya kumi kumi, kisha pitisha rula juu yake. Kilichozidi au kupungua kitaonekana palepale. Zilizonata pipi zioshwe na kukaushwa kwanza, zikigandana mbili unahesabu moja.

Mama Junior: Tukishahesabu tunazipeleka wapi?

Mama Zai: Madukani tunahangaika na chenji kila siku, na makonda wa daladala ndio usiseme. Wapelekeeni hao, wawape noti: elfu kumi kwa elfu kumi. Anayebadilisha akitaka kukata hata mia, mkatae, hiyo ni hela ya watoto.

Mama Junior: Na ambaye hana cha kutoa?

Mwl. wa Darasa: Hakuna orodha ya majina, dada. Ubaoni naandika jumla ya darasa tu. Mtoto akiona jina lake lina sifuri, kesho haji shule.

Baba Neema: Hapo umenena. Kofia je? Msinunue kapelo, zinaacha masikio na shingo juani. Ukingo uzunguke pande zote, usipungue sentimita 8.

Mhazini: Losheni tuulizie Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi.

Baba Neema: Mwalimu, dumu nipe kesho asubuhi nikalitoboe.

Mwl. wa Darasa: Saa moja nitakuwa getini.