Ugonjwa hauulizi nani anatawala: gumzo la familia kati ya Goma, Bukavu na Lubumbashi

Riziki (Lubumbashi): Wazazi wangu, habari za jioni. Kuna sauti iliyorekodiwa inayosambaa hapa katika makundi ya wanafunzi waliotoka Kivu. Msemaji hajitaji jina wala hasemi yuko wapi. Anadai kwamba Mpox, ule ugonjwa wa kirusi unaoleta vipele, haipo Goma, kwamba vipele vinavyoonyeshwa kwenye picha ni vya surua tu, na kwamba ugonjwa umetungwa ili fedha za misaada ziendelee kuingia. Wenzangu wananiuliza mimi kwa sababu wanajua familia yangu iko huko. Ninaituma hapa chini. Tafadhali nisaidieni kabla sijawajibu.

Yaya Bahati (Birere, Goma): Riziki, sauti hiyo imetufikia Birere kabla haijafika kwako, na wafanyabiashara wengi wanaiamini. Mimi sitawalaumu. Tangu mapigano yaingie mjini mwezi wa Januari 2025, redio moja inatuambia kwamba kila kitu ni shwari, na nyingine inatuambia kwamba sisi sote tumekwisha, ilhali sisi tuko hapa hapa na tunaona wenyewe kama soko limefunguliwa au halikufunguliwa. Mtu aliyedanganywa kuhusu jambo analoliona kwa macho yake atawezaje kuamini habari ya kirusi ambacho hawezi kukiona?

Shangazi Zawadi (Goma): Bahati mwanangu, swali lako ni la haki, lakini niruhusu kwanza niseme kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa sababu nafanya kazi katika kituo cha afya na wagonjwa nimewashika kwa mikono yangu. Mpox haikutungwa mwaka huu wala mwaka jana. Mtu wa kwanza duniani kugunduliwa kuwa nayo alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, huko mkoa wa Équateur hapa nchini, mwaka 1970. Aina mpya inayoenea upesi zaidi kati ya mtu na mtu iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, kuanzia mwaka 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Chanjo ilianza kutolewa hapa Goma mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, wakati hakuna aliyejua mji utakuwa mikononi mwa nani miezi michache baadaye.

Kuhusu surua, mchanganyiko huo unaeleweka. Mtoto mwenye surua hukohoa, macho yake huwa mekundu na mafua humtoka kabla vipele havijaonekana. Mwenye Mpox mara nyingi huvimba matezi ya shingoni au ya kinenani, na vipele vyake huwa vigumu, vina maumivu, na hutokea hata kwenye viganja na nyayo. Anayetaka kujua amlete mtoto kwetu. Hatuulizi mzazi anasikiliza redio gani.

Mjomba Deo (Himbi, Goma): Asante, Dada Zawadi. Mimi nilifundisha historia kwa miaka mingi, na ninaposikia sauti kama hiyo ninaukumbuka mwaka 1918, kwa sababu Vita vya Kwanza vya Dunia na yale mafua makali yaliyoitwa «mafua ya Kihispania» vilikutana wakati huo, kama vita na ugonjwa vinavyokutana kwetu leo. Nchi zilizokuwa zikipigana, yaani Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani, zilikuwa zimefunga midomo ya magazeti yao ili raia na askari wasikate tamaa. Marekani ilikuwa na kamati maalumu ya habari iliyoongozwa na George Creel, na sheria ya Mei 1918 iliweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 20 kwa maneno yaliyohesabiwa kuwa ya kuipinga serikali vitani. Hispania haikuwa vitani, kwa hiyo magazeti yake yaliandika waziwazi kwamba watu wanaugua na kwamba Mfalme Alfonso XIII mwenyewe ameugua. Matokeo yake ni kwamba nchi iliyosema ukweli ndiyo iliyobebeshwa jina la ugonjwa mpaka leo, na zilizonyamaza zikaonekana safi.

Sasa tazameni mji wa Philadelphia. Tarehe 28 Septemba 1918 watu wapatao 200,000 walijaa barabarani kwa gwaride la kuchangisha fedha za vita. Madaktari walikuwa wameonya, lakini viongozi waliona kwamba kuahirisha gwaride kungevunja moyo wa watu, na magazeti yakaendelea kusema kwamba hakuna la kuogopa. Baada ya siku chache hospitali zilikosa vitanda, na katika muda wa wiki sita hivi zaidi ya watu 12,000 walikufa katika mji huo mmoja. St. Louis, ambako mkuu wa afya alifunga shule, makanisa na kumbi za burudani mapema mwezi wa Oktoba, ilizika watu wachache zaidi kwa kulinganisha na idadi ya wakazi wake. Ugonjwa huo ulifika hata kwako, Riziki: ulipanda kwa reli kutoka kusini hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na wafanyakazi wa migodi ya shaba wakafa kwa wingi.

Riziki: Mjomba, hilo la huku kwetu Katanga sikulijua. Lakini wenzangu watasema kwamba mwaka 1918 serikali zilificha ugonjwa uliokuwapo, na leo wao wanashuku kwamba serikali zinatangaza ugonjwa usiokuwapo. Je, si mambo mawili tofauti?

Mjomba Deo: Ni tofauti, lakini la pili ni mtoto wa la kwanza. Watu walioambiwa kwamba hakuna jambo huku wanazika jirani zao hawasahau. Safari nyingine hata ukiwaambia ukweli watautafutia hila ndani yake.

Yaya Bahati: Basi tuzungumzie Beni na Butembo, hapa hapa Kivu Kaskazini, maana hatuhitaji kwenda mpaka Amerika. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina. Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga tangu mwaka 2014, na miaka yote hiyo hawakuona misafara ya magari mapya ikiwakimbilia. Ghafla Ebola ikaja na jeep, mishahara na kamera. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya kura, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura hadi mwezi wa Machi, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa Ebola. Makanisa na masoko yalikuwa wazi. Sanduku la kura peke yake ndilo lililoonekana kuwa la hatari. Wote tunajua kwamba huko upinzani ulikuwa na nguvu, na tunajua kwamba rais mpya aliapishwa mwezi wa Januari kabla kura zao hazijapigwa. Mtanilaumu nikisema kwamba watu wale walikuwa na sababu ya kushuku?

Shangazi Zawadi: Sikulaumu. Mimi nilikasirika siku ile kama wewe, na mpaka leo naamini kwamba uamuzi ule uliua watu. Kesho yake waandamanaji waliingia katika kituo cha Ebola cha Beni, wakaharibu vifaa, na wagonjwa wakakimbia. Watafiti walikuwa wamekwisha kuona hatari hiyo mapema: mwezi wa Septemba 2018 waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, wakakuta kwamba mmoja kati ya wanne haamini kama Ebola ipo, na chini ya theluthi moja wana imani kwamba viongozi wa mahali pao wanajali maslahi yao. Wasioamini walikuwa wazito zaidi kukubali chanjo. Yaani imani iliyopotea kwa sababu ya siasa na vita ilikwenda kulipwa kwenye chumba cha sindano.

Lakini Bahati, sababu nzuri ya kushuku haikumponya mtu hata mmoja. Mlipuko ule ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa kati ya wagonjwa 3,470. Daktari Richard Mouzoko aliuawa Butembo mwezi wa Aprili 2019 akiwa kazini. Na mwezi wa Novemba mwaka huo, huko Lwemba katika Ituri, mwandishi wa redio Papy Mumbere Mahamba aliuawa nyumbani kwake kwa sababu alikuwa akiwafundisha wasikilizaji wake jinsi ya kujikinga. Hakuwa mtu wa riposti, yaani vile vikosi vya kupambana na Ebola, mwenye jeep. Alikuwa sauti ya redio ndogo ya kijiji.

Yaya Bahati: Huyo namkumbuka. Sina jibu juu yake, Shangazi.

Mama Furaha (Bukavu): Nimekuwa nikisoma tu, lakini ninataka kuongeza jambo ambalo Riziki na Bahati hawakuliona kwa sababu walikuwa hawajazaliwa. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka, dunia nzima ilihamia Goma na kamera zake. Kipindupindu kilianza, watu wakanywa maji ya ziwa, na ardhi ya mawe ya volkano ikakataa kuchimbwa hata kaburi. Miili ikapangwa kando ya barabara mpaka matingatinga yakaja. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Picha hizo zilikuwa za kweli kabisa. Nilikuwepo.

Hata hivyo, picha hizo zilifunika mambo mawili. La kwanza ni kwamba katika kambi za Mugunga, Kibumba na Katale waliotawala mgawo wa chakula walikuwa viongozi wa zamani, askari na wanamgambo wa Interahamwe waliokuwa wametoka kuua watu kwao, na hilo lilichukua muda mrefu kuelezwa kwa uzito wake. Mwezi wa Novemba tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka kambini kwa sababu hiyo. La pili ni sisi wenyeji. Miti yetu ilikatwa, maji yetu yalichafuliwa, watoto wetu waliugua, na hakuna aliyetuuliza lolote. Kwa hiyo ninapomsikia Bahati akisema kwamba wageni huja na ugonjwa wanaoutaka wao, najua jeraha hilo ni la zamani kuliko umri wake.

Mjomba Deo: Mama Furaha amesema neno zito. Hata mwaka 2019, wakati dunia ilipokuwa ikihesabu kila mgonjwa wa Ebola, surua ilikuwa ikiwaua watoto wa nchi hii kwa maelfu. Ilifika zaidi ya 6,000 katika mlipuko ule, kuliko Ebola, na ni nani aliyeona picha zao? Wazazi waliomzika mtoto wa surua wakaona magari yote yakienda kwa Ebola peke yake walikuwa na haki ya kuuliza.

Yaya Bahati: Na kuna lingine, ambalo wanawake wa Beni hawatalisahau. Wanaume wa mashirika yaliyokuja kupambana na Ebola waliwataka wanawake kimwili ili wawape kazi. Nani aliyelifichua? Waandishi wa habari, mwezi wa Septemba 2020. Mwaka uliofuata tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Kama wakati ule mtu angetuambia, «Tusiseme mabaya juu ya riposti kwa kuwa tutavuruga vita dhidi ya ugonjwa,» wanawake wale wangebaki kimya hadi leo.

Mjomba Deo: Hapo ndipo ninapokubaliana nawe kabisa, na ndipo pia ninapoachana na ile sauti ya Riziki. Waandishi wale waliwasikiliza zaidi ya wanawake 50, wakalinganisha maelezo yao, wakayauliza mashirika, kisha wakaweka majina ya vyombo vyao juu ya habari ili waweze kushtakiwa kama wamesema uongo. Hawakusema kwamba Ebola haipo. Walisema kwamba waliotumwa kuipiga wamefanya uovu. Msemaji wa sauti hii hataji jina, hataji kituo cha afya, hataji mgonjwa hata mmoja aliyemwona. Hiyo ni redio trotwari, yaani uvumi wa mitaani, na wakati wa vita redio trotwari hunenepa kwa sababu redio nyingine zimefungwa au zimetishwa.

Riziki: Na hata huku tunayaona hayo. Mwezi wa Januari 2025 serikali iliwanyima Al Jazeera vibali kwa sababu walimhoji kiongozi wa waasi wa M23. Baada ya kura ya Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku zipatazo 20, Ebola ikiwa inaendelea, na redio ya Ufaransa RFI ikazimwa.

Shangazi Zawadi: Riziki, ya huko unaweza kuyaandika. Ya huku tunayaishi, na tafadhali tusiyaandike katika kikundi hiki, simu hupekuliwa. Nitasema la afya tu: mapigano yalipoingia mjini, wagonjwa wengi wa Mpox walitoka vituoni na kambi za waliokimbia vita zikavunjwa, wao wakaenda wasikojulikana. Ndiyo maana sauti hiyo inaniogopesha. Aliyekimbia akiwa na vipele, akisikia kwamba ugonjwa haupo, hatarudi kwetu. Atalala kitanda kimoja na wanawe.

Riziki: Nimeelewa. Nitawaandikia wenzangu hivi: «Mpox ipo Goma, na shangazi yangu amewaona wagonjwa. Hailingani na surua. Vituo vinapokea watu na kila kitu kiko sawa. Mwambieni kila mwenye vipele aende.»

Yaya Bahati: Ondoa «kila kitu kiko sawa». Hiyo ni sentensi ya redio, na huku Birere mtu akiisikia ataacha kusoma. Shangazi, kila kitu kiko sawa?

Shangazi Zawadi: Hapana. Dawa za maumivu hukosekana mara kwa mara, na chanjo haiwatoshi wote wanaoihitaji. Mgonjwa wa Mpox hatozwi kwetu, lakini najua kuna mahali watu walitozwa.

Yaya Bahati: Basi andika hayo yote, Riziki, hata lile la kutozwa. Mimi nikimwambia mwenye duka jirani yangu kwamba dawa hukosekana, ndipo ataniamini nikimwambia kwamba ugonjwa upo.

Mjomba Deo: Na asiandike peke yake. Wengi Birere hawasomi ujumbe mrefu. Dada Zawadi, kama haikuhatarishi, usome ujumbe huo kwa sauti yako kwa Kiswahili, bila kutaja upande wowote.

Shangazi Zawadi: Jina langu nitalitaja, kwa sababu wagonjwa wananijua. La kituo nitamwuliza mkubwa wangu kesho asubuhi. Bahati, nitakutumia kwanza wewe; ukiona neno ambalo watu wa soko watalikataa, niambie nirekodi upya.