Mjadala: Barabara ya vumbi isiyo na kibao cha mwendo, dereva aende ngapi?

Mleta mada:
Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu greda lipite kijijini kwetu, wilayani Mpwapwa. Zamani barabara ilikuwa makorongo matupu, baiskeli inafika kabla ya gari. Sasa imechongwa, ikamwagiwa changarawe, tukafurahi. Lakini kutoka njia panda hadi mnadani hakuna hata kibao kimoja cha mwendo. Gari linapita mbele ya shule ya msingi, ukisikia muungurumo ukigeuka, unaliona mgongo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo. Inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na gari linalozidi kilo 3,500 lisivuke 80. Ila kwa madereva wengi kinachosema ni kibao. Wakiona 50 wanashika breki, wakiona 50 iliyokatwa mstari wanafungulia. Barabara isiyo na kitu inahesabika ya kufungulia mwanzo hadi mwisho. Na hizo ndizo nyingi: TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, peke yake ina mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000, sehemu kubwa udongo. Tukisubiri nguzo kila penye nyumba tano, wajukuu zetu watazeeka wanasubiri. Nayo nguzo ikisimikwa, haichukui muda imeshauzwa chuma chakavu.

Hoja yangu: sheria itamke kwamba barabara ya vumbi isiyo na kibao mwendo wake ni 50 kwa kila gari, bila kujali uzito. Ireland mwezi Februari 2025 walishusha barabara zao ndogo za vijijini kutoka 80 hadi 60 kwa mkupuo mmoja, nchi nzima, na nyingi zina lami.

Dereva wa Fuso:
Mkuu, nakuheshimu, ila unaongea kama mtu wa kiti cha abiria. Mwaka wa kumi na moja huu nabeba mahindi na alizeti njia za vumbi. Barabara ikikaa kidogo bila greda inaota mawimbi kama bati. Ukiingia na 40 gari linatetemeka mpaka bolti zinalegea, springi zinakatika, nyanya zinafika zimekuwa rojo. Ukigusa 70 linatulia. Hatukimbii kwa ujeuri, tunaokoa gari la tajiri. Mkiweka 50 bila kuchonga barabara mtakuwa mmempa mtu sababu ya kujificha na tochi ya kupima mwendo nyuma ya mbuyu, mahali pasipo na nyumba wala mbuzi. Hapo faini juu yangu, na barabara inabaki vilevile.

Mwalimu:
Mimi naishi nyuma ya shule kama hiyo. Tuliomba kibao, tukaambiwa tusubiri bajeti. Wazazi wakashika majembe wakainua tuta la udongo. Wiki ya pili kijana wa bodaboda akalivaa usiku, halikuwa na rangi wala alama yoyote, akavunjika bega. Tukalisawazisha wenyewe kesho yake. Kwa hiyo msituambie tujiwekee matuta.

Na jamani, gari la kwanza silo linalonitisha. Ni la pili. La kwanza linaacha wingu la vumbi, watoto wanaziba uso kwa sweta, wanasikia mlio unakwenda mbali, wanadhani njia ni nyeupe. Wanavuka humohumo kwenye vumbi.

Mleta mada:
Mwalimu, poleni sana. Hilo la gari la pili sikuwa nimelifikiria, na sasa halinitoki.

Ndugu dereva, kwenye mawimbi umesema kweli. Lakini tujiulize kwa nini gari linatulia ukifika 70. Tairi zinagusa migongo ya mawimbi tu, mabonde zinayaruka. Muda mwingi zinakuwa hewani, na tairi lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani. Kule kutulia ndiko kunakotuponza. Kwa 70 gari linakula mita 19 kwa sekunde moja, kabla mguu haujafika kwenye pedeli, na ukikanyaga juu ya changarawe linaserereka kama limepanda punje za mahindi. Mwanafunzi wa mwalimu aliye ndani ya vumbi utamwona akiwa mita ngapi?

La tochi nyuma ya mbuyu nakubaliana nawe, na nimebadilisha hoja yangu. Porini ibaki 80 yako ya sheria. Pakianza nyumba iwe 30, kibao kiwepo kisiwepo, na askari apime hapo tu. Halafu fedha ya kuchonga ianzie hapohapo mbele ya shule, hata ikibidi kumwaga zege kipande kifupi, ili ukipunguza mwendo mzigo usiharibike. Kwenye zege tuta la kweli linawekeka, likapakwa rangi.

Kijijini kwetu, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho ni kama mita 800. Kwa 70 unapita kwa sekunde 41. Kwa 30 ni dakika moja na sekunde 36. Tofauti ni sekunde 55, kaka. Tajiri wako anaweza kukudai hizo? Nauliza kweli, nijibu wewe unayejua kazi.